Mpangaji Halipi Kodi Wala Umeme: Stori Ndefu ya Vyombo Kumwagwa Nje

Wadau, leo tuweke ubuyu wa mastaa pembeni kidogo. Ingawa mhusika wetu wa kwanza naye ni staa kwa namna yake, maana ana wafuasi wengi kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Jina nalihifadhi. Ukiingia kwenye ukurasa wake utakuta miwani ya jua, raba nyeupe pee, na picha akiwa ameegemea magari ambayo sijawahi kumwona akiyaendesha. Kuna picha moja, ukiikuza vizuri, nyuma yake kuna ukuta wa rangi ya maziwa ulioanza kubabuka kwa chini. Ule ukuta naufahamu. Ni wa nyumba ya mama yangu, Temeke.

Huyu bwana ni mpangaji wetu. Chumba cha tatu kulia, 60,000 kwa mwezi, umeme mnachangia 10,000. Alipoingia mama alitaka kodi ya miezi sita, akamwangalia alivyo mdogo, akamhurumia, akapokea ya mitatu. Hiyo mitatu ikaisha. Ikaja miezi mitano ya "shikamoo mama, kuna hela naisubiria". Hajawahi kumkosea adabu hata siku moja, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Mtu mkorofi ungeshamalizana naye zamani.

Sasa, mama ni mjane. Kodi ya vile vyumba ndiyo pensheni yake, ndiyo dawa za presha, ndiyo kila kitu. Kwenye grupu la familia maoni yalimwagika. Mjomba: mwageni vyombo nje. Dada: ng'oeni mlango kama wanavyofanya Nairobi, ataondoka mwenyewe. Kaka yangu ambaye ni fundi: nakata waya wake tu, dakika mbili. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu ambayo kwenye grupu hawaijui. Mwaka juzi, geto langu la Sinza, nilirudi saa nne usiku nikakuta kufuli jipya juu ya kufuli langu. Nilikuwa nimechelewa wiki tatu. Nililala kwa mshikaji siku nne na nguo zilezile za kazini.

Yaani ni mpangaji mwenye aibu zake na mtoto wa mwenye nyumba kwa wakati mmoja. Ndipo nikaanza kutafuta waliotutangulia walifanyaje na mtu asiyelipa. Kumbe stori ni ndefu.

Tuanzie Zanzibar. Ng'ambo ya zamani ilikuwa upande wa pili wa mkondo wa maji kutoka Mji Mkongwe. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, watu wengi waliokuwa watumwa waliingia mjini, pamoja na wengine waliotoka bara na visiwa vya jirani kutafuta maisha. Wakajenga nyumba zao za udongo na makuti huko. Nyumba ni yako, umesimamisha nguzo kwa mikono yako, ila kiwanja kina mwenyewe. Zamani mwenye kiwanja alikuacha ukae kwa heshima tu, ukimsalimia barabarani na kumsaidia siku ya shughuli. Mji ulivyojaa, heshima ikageuka kuwa fedha. Kodi ya kiwanja ikaanza kudaiwa, kisha ikaanza kupanda.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakasema basi. Sio mmoja aliyekwama, mtaa kwa mtaa. Hawakulipa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele kabisa, maana wengi walikuwa wenye nyumba zao wenyewe, na kupoteza kibanda kile ilikuwa ni kupoteza kila walichokuwa nacho tangu kuwa huru. Wenye viwanja wakaenda mahakamani, wakataka watu waondolewe. Lakini unamwondoaje mtu mmoja ikiwa jirani yake halipi, na jirani wa jirani halipi, na askari anayetumwa anajulikana nyumba hadi nyumba? Mwishowe serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia na kuiwekea mipaka ile kodi ya viwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya visiwa ikawa ya serikali na mjadala ukafungwa kwa namna nyingine.

Kwa wapenda muziki: mwaka huohuo wa 1928 ndio Siti binti Saad, mwanamke wa Ng'ambo, alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Tunaposikia habari za taarab ya kale tunapiga picha ya ukumbi na marashi. Wasikilizaji wake wa nyumbani ndio haohao waliokuwa wanakataa kulipa kodi.

Na hawakuwa wa kwanza. Miaka 13 kabla, mwaka 1915, kulikuwa na kasheshe Glasgow, Uskoti. Nalileta kwa sababu lina mkono kwenye mikataba yetu hadi leo. Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, wanaume wako vitani, viwanda vya silaha na meli vimejaza wafanyakazi mjini, vyumba hamna. Wenye nyumba wakaona dili, wakapandisha kodi. Wamama wakagoma. Mmoja anakaa kwenye ngazi za jengo na kengele. Akimwona afisa wa mahakama anakuja kutoa watu, anaipiga, na wenzake wanatoka majikoni na walichoshika. Unga, nguo zilizolowa, chochote. Afisa anarudi ofisini mweupe kama andazi kabla ya kukaangwa.

Tarehe 17 Novemba 1915 wapangaji 18 walifikishwa mahakamani kwa madeni ya kodi. Maelfu ya watu, wengi wakiwa wametoka viwandani, wakaandamana hadi pale. Kesi ikaachwa. Desemba hiyohiyo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia kodi kupanda kupita ilivyokuwa kabla ya vita. Sasa Mwingereza akiwa na sheria kwao, huibeba hadi koloni. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, Dar na Nairobi zikafurika watu, vyumba vikawa adimu, na udhibiti wa kodi ukaingia huku kwetu nao. Wazo lilikuwa lilelile: mpangaji asipandishiwe hovyo, na asitolewe hovyo.

Ila tuwe wakweli, sheria za karatasi hazikuwahi kuingia vizuri kwenye nyumba ya Kiswahili. Unaijua ile: vyumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, korido katikati, uani jiko, choo na kamba ya kuanikia. Ilala, Magomeni, Temeke, Kariakoo ya zamani, ndivyo zilivyokuwa. Mwenye nyumba mwenyewe anaishi humohumo, mara nyingi chumba cha mbele. Anakuona ukitoka, anakuona ukirudi, anajua umenunua nyama au dagaa. Deni kwenye nyumba ile halikuwa siri kati ya watu wawili. Lilikuwa limekaa koridoni kama baiskeli, kila anayepita anajigonga.

Bibi yangu, aliyeijenga nyumba hii tunayogombana ndani yake, alikuwa na njia yake. Hakukusema. Alikuita kwenye kikao uani, jioni, wapangaji wote wakiwepo, na balozi wa nyumba kumi akikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Mfumo wa mabalozi ulianza enzi za TANU, miaka ya 1960, kwa kazi za chama na ulinzi, lakini mtaani ulimaliza ugomvi mwingi wa kodi kuliko mahakama yoyote. Ukisema mbele ya watu wale kwamba utalipa mwisho wa mwezi, utalipa. Usipolipa, hutaweza hata kuchota maji kwa amani.

Juu huko, serikali nayo ilikuwa inageuka kuwa baba mwenye nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa likaanzishwa 1962, na mwaka huohuo ikaja sheria mpya ya udhibiti wa kodi. Aprili 1971 likashuka bomu: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Wapo waliojikuta wanaishi kwenye ghorofa walilolijenga wenyewe huku wakilipa kodi ya chumba chao. Fikiria kwanza upande wa huyo mtu, halafu fikiria upande wa karani aliyekuwa anaishi chini yake kwa kodi kubwa. Siku ile mmoja alilia, mwingine alipika pilau. Ugomvi wa nyumba siku zote uko hivyo.

Sheria ya kudhibiti kodi ya 1984 ndiyo iliyofika kileleni. Mabaraza ya nyumba, kodi yenye kiwango, na kumtoa mpangaji hadi upate amri. Matokeo? Mpangaji alilindwa, hilo halina ubishi. Lakini pia ikazaliwa biashara ya kilemba. Vijana wa sasa hamkijui: kodi ya kisheria ni ndogo, kwa hiyo anayeachia chumba, au mwenye uwezo wa kukupa, anataka bahasha nzito ya kukuingiza. Unavishwa nyumba, yeye anavishwa kilemba. Na majengo ya umma yakajaa wadaiwa sugu, zikiwemo ofisi za serikali yenyewe. Lile la vigogo wasiolipa halikuisha haraka: Machi 2017, Rais wa wakati ule akiwa Mtwara aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wote wanaodaiwa, ziwe taasisi za serikali au nani. Kwa hiyo mpangaji wetu wa raba nyeupe ana wenzake wakubwa tu, wenye suti na magari ya namba za serikali.

Umeme ndio ulikopa akili kwanza. Zamani ulitumia mwezi mzima, bili ikaja baadaye, ukalipa ukipenda, ukakatiwa ukilala. Mtu anapanda nguzo na koleo, na wewe unamfuata chini na soda ya kumbembelezea. Miaka ya 1990 ikaingia LUKU, Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Jina zuri, lakini maana yake halisi ni moja: hatukuamini tena, lipa kwanza. Hakuna aliyekutukana, hakuna aliyekupandia nguzo, mita tu inapiga pipipi halafu giza. Ukipanga peke yako, safi. Ila kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, deni halikufutwa, lilihamishwa tu kutoka ofisini kuja koridoni. Mmoja ananunua, wengine "nitakutumia". Ndiyo maana tunajua nani ana pasi, nani ana hita ya maji anaificha chini ya kitanda, na friji la nani linanguruma usiku kucha. Mama yangu ni TANESCO ndogo isiyo na koleo.

Halafu 2005, kimyakimya, ile sheria ya udhibiti wa kodi ikafutwa. Hakuna aliyeandamana, wengi hata hatukusikia. Kuanzia hapo kodi ni makubaliano yenu. Kodi ya mkupuo haikuanza siku hiyo, wazee watakwambia waliidaiwa mapema zaidi, lakini kwa mtazamo wangu ndipo ilipokaa kitako mjini na kuvua viatu. Miezi sita, mwaka, na mwezi mmoja wa dalali juu. Vijana tunatukana kila siku kwamba ni roho mbaya ya wenye nyumba. Mimi nilikuwa natukana zaidi yenu. Leo naiona kama LUKU ya nyumba. Mwenye chumba hana balozi wa kumwitia tena, hana sheria anayoielewa, na akienda kushtaki kesi itamla muda na nauli. Basi anafanya kama mita: lipa kwanza. Anayeumia sio yule asiyelipa. Anayeumia ni binti aliyeanza kazi jana, mwaminifu kabisa, ambaye hana miezi sita mkononi.

Na wale waliomwonea mtu huruma wakapokea mitatu, kama mama? Wanabaki na nini?

Niliuliza anayejua mambo hayo, kwa faida ya mjomba. Kumwaga vyombo nje kwa nguvu kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, hasa televisheni ya mtu ikipasuka. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka notisi ya maandishi kwa mpangaji anayedaiwa, na mkikwama mahali pake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa majirani nako si kwamba kung'oa mlango kumeruhusiwa, ni mabavu tu. Kenya bado wana sheria ya kumlinda mpangaji wa kodi isiyozidi shilingi 2,500 zao kwa mwezi, ila jaribu kutafuta chumba cha bei hiyo Nairobi leo. Sheria ipo, chumba chake kimepotea.

Kwa hiyo Januari 2025 mama akaamua kurudi kwa bibi. Akaitisha kikao uani. Wapangaji wote, mwenyekiti wa mtaa akatuma mtu wake, mimi nikapewa daftari niandike. Staa wetu alikuja amevaa kawaida, ndala na bukta, nikaona kumbe ni mtoto tu. Mama akasoma deni: kodi 300,000, umeme 50,000. Kijana akainamisha kichwa. Tulijiandaa kumsikiliza yeye.

Aliyeongea ni dada wa chumba cha nne, mama lishe, anayeuza na barafu za ubuyu. "Mama, samahani, na mimi nina deni langu nadai."

Kumbukeni, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayekatwa. Mama lishe ana friza, hawezi kusubiri hata nusu saa barafu ziyeyuke. Kwa hiyo tangu Januari 2022, kila mwezi, wa kwanza kununua ni yeye. Kodi ya nyumba ya bibi yangu, nyumba yenye hati iliyofungwa kwenye khanga ndani ya sanduku la mama, imekuwa ikilipwa na mpangaji wa chumba cha nne, na hakuna aliyemrudishia hata senti. Alikuwa ametunza ujumbe wote kwenye simu. Akatuonyesha mmoja mmoja, bila kelele.

Uani pakawa kimya, unasikia maji yanavyodondoka kwenye ndoo.

Nikapiga hesabu kwenye daftari. Miezi 18 kwa 1,000, miezi 18 kwa 1,500. Jumla 45,000. Mama akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemtumia ile kodi. Halafu akanyanyuka, akaingia ndani, akakaa sana. Alirudi na pesa imefungwa kwenye kona ya khanga, noti za 2,000 na 5,000, akamhesabia mama lishe mkononi mbele ya wote. Akamwambia nisamehe mwanangu, nilikuwa sijui. Sina uhakika kama alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua inakatwa, nilikuwa sijajiuliza inakatwa kwa nani.

Ndipo akamgeukia kijana. Yule naye akainuka bila kuambiwa, akaenda chumbani kwake, akarudi na ile taa ya duara ya kupigia picha na kijiti cha kusimamishia simu, akaviweka miguuni kwa mama. Dhamana. Mtu wa mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, akidhani mambo yameisha vizuri.

"Nikae na taa yako niimulikie nini?" mama akasema. "Na wewe utafanyia kazi nini?"

Akamrudishia. Wakakubaliana 30,000 kila Jumamosi, kwa simu, hadi deni liishe, na kodi ya kila mwezi iendelee juu yake. Nikaandika, wakasaini wote, mama lishe shahidi. Kuhusu kodi ya jengo, mama sasa anamtumia mama lishe 1,500 kila tarehe mosi, na alarm ya kumkumbusha niliiweka mimi kwenye simu yake.

Jumamosi tatu za kwanza hela iliingia mchana. Ya nne, mama alinipigia saa tatu usiku, haijaingia. Saa nne, bado. Nikafungua ukurasa wa jamaa, nikakuta ameweka picha mpya, miwani ileile, gari jingine. Nikaanza kumwandikia ujumbe mkali, nikafuta, nikaandika tena. Saa tano na dakika arobaini mama akapiga: imeingia, 30,000, na neno "samahani mama".

Nikafuta ujumbe wangu. Kodi yangu ya Sinza inaisha Jumanne, na nilikuwa na miezi miwili tu mkononi.